Miaka 21 mbele ya kinu cha kusaga: mlio usiozimika masikioni na jinsi ninavyoishi nao

#1. Kinu Kitupu (mleta uzi)

Usiku mmoja wa mwaka 2011 umeme ulikatika mtaa mzima kwetu Manzese, feni ikasimama, redio ya jirani ikanyamaza, nami nikatoka nje kwa hasira kumtafuta mtu aliyewasha mashine saa nane za usiku. Nilikuwa nasikia mlio mwembamba, mkali, usiopanda wala kushuka, kama wa jiko la presha linaloanza kupiga mluzi chumba cha pili. Nilizunguka nyumba, nikafika hadi kwenye transfoma, nikasimama chini yake nikitega sikio huku nikijua fika kwamba umeme umekatika, kisha nikampigia hodi jirani kumuuliza kama anajua sauti ile inatoka wapi. Naye akatega sikio, akaniangalia, akasema hasikii kitu isipokuwa mbwa wa mbali. Hapo ndipo nilipoziba masikio kwa viganja, na mlio ule, badala ya kupungua, ukakua.

Tangu utotoni nimeambiwa kwamba sikio likilia kuna mtu anakusengenya. Kama ni hivyo, basi yuko mtu ambaye amenisengenya usiku na mchana tangu mwaka ule bila kupumzika hata kula, na mimi ninamwonea huruma.

Ninaandika kwa sababu karibu kila mwezi ninakutana na fundi mwenzangu mwenye tatizo hili, na kila mmoja ananiuliza swali lilelile: dawa ya kuzima mlio ni ipi? Mimi nilipoteza miaka tisa nikiuliza swali hilo, ilhali swali nililopaswa kuuliza ni kiasi gani cha usikivu wangu kimekwisha kupotea. Mlio niliufuatilia kama mwizi, kumbe ulikuwa ni mbiu ya msiba uliokwisha kutokea.

Nilianza kazi ya mashine mwaka 1998 nikiwa na miaka 19. Kwa asiyekijua kinu cha nyundo, ndani ya kasha la chuma kuna mhimili uliofungwa vipande vya chuma tunavyoviita nyundo, vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika na kuyapiga mahindi hadi yasagike na kupita kwenye chekeche. Nafaka ikiwa nyingi ndani, sauti huwa nzito ya kuvuma. Nafaka inapokwisha na kinu kikabaki kikizunguka kitupu, sauti hupanda na kuwa ya kukwaruza hadi kwenye meno. Fundi mzoefu hujua hali ya mashine kwa masikio peke yake: mkanda unaoteleza una mlio wake, beringi inayokufa ina wa kwake, na chekeche iliyotoboka huisikia kabla hujauona unga mkubwa ukitoka. Kwa sababu hiyo tuliamini kwamba kuziba masikio kazini ni sawa na dereva kujifunga kitambaa machoni. Hakuna tajiri aliyetukataza kuyakinga masikio yetu. Ni sisi wenyewe tuliokuwa tukiwacheka waliojaribu.

Miaka ya karibuni mwanangu alisimama nilipokuwa nikisimama mimi, akawasha programu ya kupimia sauti kwenye simu, na ikasoma zaidi ya desibeli 95. Simu si chombo cha kipimo cha kuapia, lakini hata ikiwa imekosea kidogo, hesabu yake inatisha. Desibeli hazihesabiwi kama kilo. Kila zinapoongezeka tatu, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa imekuwa mara mbili, kwa hiyo muda wa kukaa mahali hapo bila kinga unapaswa kukatwa nusu. Taasisi ya Marekani inayotafiti usalama kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa saa 8 kwa desibeli 85, saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91, saa 1 kwa 94, na robo saa tu kwa 100. Mimi nilikuwa nikisimama pale saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, na siku za kuelekea Ramadhani hatukuhesabu saa.

Niliyoelezwa baadaye kuhusu sikio ni haya. Nyuma ya ngoma ya sikio na vile vifupa vitatu kuna kiungo kilichojikunja kama kombe la konokono, kinaitwa koklea. Ndani yake zimo seli zenye vinywele, takriban 15,000 katika kila sikio, na hizo unazozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo, maana kwa binadamu hazioti upya. Kuku huziotesha, watafiti waliligundua jambo hilo katika miaka ya 1980 walipowaweka vifaranga kwenye kelele kali, kisha wakakuta seli mpya zimechipua mahali pa zile zilizokufa. Tungekuwa kuku, uzi huu usingekuwepo. Kwa sisi wengine, sehemu inayoumia mapema kwa kelele za kazini ni ile inayopokea sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), na kwa kuwa sauti nene bado zinasikika vizuri, mtu haamini kwamba ameanza kuwa kiziwi.

Mlio wenyewe, kwa maelezo yanayokubalika zaidi hivi sasa, hautengenezwi na sikio bali na ubongo. Ubongo uliozoea kuletewa habari kutoka eneo lile la koklea haukubali kukaa kimya habari zinapokoma. Huongeza nguvu ya kupokea, kama mtu anayefungulia redio hadi mwisho wakati stesheni haishiki, na anachokipata ni mvumo wa redio yenyewe. Aliyekatwa mguu huweza kuwashwa kwenye kidole ambacho hakipo. Mimi ninasikia sauti ambazo sikio langu haliwezi tena kuzileta.

Sasa nieleze nilivyohangaika. Duka la dawa la kwanza liliniuzia matone ya sikio bila mtu yeyote kuchungulia ndani ya sikio langu. Nikashauriwa mafuta ya kitunguu saumu yaliyopashwa moto, nikayatia kwa wiki mbili, nikapata vidonda kwenye njia ya sikio na mlio ukabaki vilevile. Baadaye nikaelezwa kwamba kama ngoma ya sikio ingekuwa imetoboka, ningejiletea balaa kubwa zaidi. Nikanunua vidonge vya majani ya ginkgo kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu mke wangu anasoma hapa. Mwongozo wa madaktari bingwa wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2014 unawashauri madaktari wasivipendekeze vidonge hivyo, wala zinki, wala melatonini, kwa tatizo hili. Daktari mmoja aliniambia kwa kifupi "zoea tu", akaita mgonjwa mwingine. Sikumwelewa, na nilimchukia kwa muda mrefu, ingawa sasa ninaona kwamba neno lake lilikuwa sahihi isipokuwa alinipa mwisho wa safari bila kunionyesha njia.

Mwaka 2020, baada ya kuacha kusimama kinuni, nilipelekwa kupimwa usikivu. Wanakuingiza kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, wanakuvisha vipokea sauti, na unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio mdogo. Mlango ulipofungwa, mlio wangu ulipaa kama kinu kilichoishiwa nafaka. Nikaanza kubonyeza kitufe ovyo, kwa maana sikuweza kutofautisha sauti ya mashine yao na sauti ya kichwa changu, hadi mpimaji akafungua mlango akicheka kwa upole na kusema, "Baba, hapo sikuwa nimepiga kitu." Akabadilisha, akaanza kupiga sauti za kukatikakatika, na hizo nikaweza kuzitambua kwa sababu mlio wangu haukatiki. Alinisimulia pia kwamba mwaka 1953 huko Marekani watu 80 wenye usikivu mzuri waliwekwa mmojammoja kwenye chumba cha ukimya mkubwa, na asilimia 94 kati yao wakasema wanasikia mvumo, au mluzi, au sauti kama ya wadudu. Yaani ukimya mtupu humfanya karibu kila mtu asikie kitu. Sisi tumezidiwa tu.

Mchoro wa matokeo ya kipimo changu ulikwenda sawa hadi karibu hezi 2,000, kisha ukaporomoka kama ukingo wa korongo hadi desibeli 65 kwenye hezi 4,000, yaani sauti hiyo siisikii mpaka ikuzwe kufikia hapo, ukapanda kidogo kwenye 8,000. Ndipo nilipoelewa ugomvi wa nyumbani. Herufi kama s, f, sh, ch na t hubebwa na sauti nyembamba, na mimi nilikuwa nimebakiwa na irabu. Mke wangu alikuwa akirudi sokoni jioni na kusema, "Leo nimechoka," nami nikimjibu, "Umetoka wapi?" Aliamini ninamfanyia kejeli. Toka, choka, shoka na soka, kwangu yote yalikuwa neno moja, na ubongo ulichagua lolote lililokuwa karibu.

Kisha mpimaji akatafuta sauti inayolingana na mlio wangu, na matokeo yake yaliniudhi: ulizidi kwa desibeli chache tu kiwango ninachoanza kusikia. Kitu kilichoninyima usingizi kwa miaka tisa kilikuwa na ukubwa wa mnong'ono. Tatizo halikuwa ukubwa wake. Tatizo ni kwamba ubongo wangu uliupokea kama king'ora cha hatari na kuulinda usiku kucha, na kadiri nilivyousikiliza ili nione kama umepungua ndivyo ulivyozidi kupewa cheo. Mtaalamu aitwaye Pawel Jastreboff aliandika juu ya mzunguko huo mwaka 1990, na tiba aliyoijenga juu yake inategemea mafunzo ya taratibu: kuelezwa mlio ni nini hadi hofu ipungue, na kutoukaribisha ukimya.

Kwa vitendo nilianza na feni, na umeme ukikatika ninatumia redio ndogo ya betri niliyoiweka katikati ya stesheni mbili, ikivuma kwa sauti ya chini kidogo kuliko mlio. Jambo hilo la "chini kidogo" lilinigharimu kulielewa. Mwanzoni nilikuwa nikifungulia sauti hadi mlio ufunikwe kabisa, na nilipozima asubuhi ulinirukia kama mgeni mpya. Ukiuacha usikike kidogo ndani ya mvumo mwingine, ubongo hupata nafasi ya kuuzoea, kama unavyozoea saa ya ukutani. Baada ya muda nikapata kifaa cha kusaidia kusikia kwa sikio la kushoto lililo baya zaidi, na ndicho kilichonisaidia kuliko vyote, kwa sababu sauti za nje ziliporudi ubongo ukaacha kujitungia za kwake kwa bidii ile. Ilinichukua takriban mwaka mmoja na nusu. Mlio upo hata sasa ninapoandika. Nimeusikia kwa sababu ninauandika.

Karibuni wenye maswali na wenye uzoefu.

#2. Sabufa Mbili

Mkuu, nashukuru kwa maelezo, lakini naomba nipingane nawe kidogo. Mimi ni fundi wa sauti kwenye kumbi za harusi hapa Mwanza kwa miaka 12. Kila Jumapili asubuhi masikio yangu yanalia na kuwa kama yamejaa pamba, na ikifika mchana yanafunguka yenyewe kabisa. Nilipima usikivu mwaka jana, nikaambiwa uko sawa. Kwa hiyo nadhani kuna watu wana masikio magumu na wengine laini, na si haki kumtisha kila mtu.

#3. Koklea

Ndugu Sabufa Mbili, mimi ninafanya kazi ya kupima usikivu, na swali lako ni zuri kwa sababu limewapoteza hata wataalamu kwa miaka mingi. Tuliamini kwamba usikivu ukirudi baada ya siku moja au mbili, sikio limepona. Mwaka 2009, Sharon Kujawa na Charles Liberman walichapisha utafiti juu ya panya waliowekwa kwenye kelele kali kwa saa mbili. Usikivu wa panya hao ulirudi, seli zenye vinywele zilikuwa hai, lakini walipochunguza miunganiko kati ya seli hizo na mshipa wa fahamu wa usikivu, sehemu kubwa ilikuwa imekufa na haikurudi. Kipimo cha kawaida hakioni uharibifu wa aina hiyo, kwa kuwa kinauliza tu kama umesikia mlio mdogo ndani ya chumba kimya, hakiulizi kama unaweza kumfuata mtu anayeongea ukumbini penye zogo.

Ni kweli kwamba masikio hayafanani kwa ugumu, ila hakuna kipimo kitakachokuambia mapema yako ni ya aina gani. Kule kujaa pamba kwa Jumapili asubuhi ni dalili kwamba Jumamosi ulivuka mpaka. Kwa kazi yako sikushauri vizibo vya sponji vya viwandani, maana hukata zaidi sauti nyembamba na utaharibu uchanganyaji wako. Vipo vizibo vya wanamuziki vinavyopunguza sauti zote kwa kiwango kinachokaribiana. Usisimame karibu na spika, kwani mahali pa wazi ukiongeza umbali mara mbili unapunguza desibeli zipatazo sita, ingawa ndani ya ukumbi kuta hurudisha sehemu ya sauti hiyo. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwaka 2022 kiwango kwa kumbi za burudani: wastani wa desibeli 100 usizidishwe katika dakika 15.

#4. Dripu ya Kwinini

Naomba kuuliza. Sisi tuliougua malaria enzi za kwinini tunakumbuka jinsi masikio yalivyokuwa yakivuma kitandani, hata muuguzi ukimwona anasogeza midomo tu. Sijawahi kufanya kazi ya kelele, lakini nina mlio tangu nilipochomwa sindano kwa muda mrefu miaka iliyopita. Je, inaweza kuwa dawa?

#5. Koklea

Inawezekana, na ni vyema umeuliza. Mvumo wa kwinini kwa kawaida huondoka dawa inapomalizika mwilini, na hali ni hiyohiyo kwa aspirini ya dozi kubwa. Sindano kama streptomaisini, kanamaisini, amikasini na jentamaisini ni habari nyingine, kwa kuwa huweza kuua seli zenye vinywele moja kwa moja, na waliotibiwa kifua kikuu sugu kwa sindano miaka ya nyuma wanalijua hilo. Ndiyo mojawapo ya sababu za tiba hiyo kuhamia kwenye vidonge. Mwenye mlio akiandikiwa sindano za kundi hili amweleze daktari kabla ya kuchomwa, wala asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Tena dawa hizo zikikutana na kelele katika mwili mmoja, madhara huongezeka.

Kwa wote: mlio wa sikio moja tu, mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo, unaokuja na kizunguzungu, au usikivu uliopotea ghafla ndani ya siku moja hadi tatu si wa kusubiri ushauri wa mtandaoni. Huo wa mwisho ni dharura. Dawa inayoweza kuokoa usikivu hufaa zaidi siku za mwanzo, na kila wiki ninampokea mtu aliyepoteza siku hizo akitiwa matone kwa kudhaniwa ana nta. Na kama mlio umekufikisha mahali pa kuona afadhali usiamke kesho, mwambie daktari hilo kwanza kabla ya kumweleza habari za sikio.

#6. Fundi wa Masanduku

Mzee Kinu, nakusalimu kutoka Nairobi. Mimi ninafua mabati pale Kamukunji. Tunatengeneza masanduku ya wanafunzi, karai na majiko. Kelele yetu haivumi kama ya kinu, ni ya kudunda: nyundo juu ya bati, mamia ya nyundo kwa wakati mmoja, na ya jirani iko hatua mbili kutoka sikioni mwako. Kanuni zetu za mwaka 2005 za kuzuia kelele mahali pa kazi zinasema mfanyakazi asikae kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24, na kilele kisizidi 140. Kanuni ni nzuri, ila imeandikwa ikimtazama mwajiri mwenye kiwanda na wafanyakazi. Pale kwetu kila mtu ni mwajiri wa nafsi yake, na anayenipigia kelele ni rafiki yangu anayejitafutia riziki kama mimi. Nimshtaki nani?

Nilinunua vikinga masikio vile vikubwa vya kuvaa kichwani. Wiki ya kwanza waliniita rubani. Nilichogundua ni kwamba nyundo ya jirani imepungua lakini mteja ninamsikia vizuri kuliko zamani, maana zogo limeshuka na sauti yake imebaki. Mwenye miwani au kofia nene ahakikishe vinabana, kwa sababu upenyo mdogo tu huingiza kelele nyingi.

#7. Mama Wawili

Ninasoma uzi huu nikiwa na donge kooni. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, na grenda ndiyo iliyotulisha sisi na watoto. Ameanza kulala na redio ikiwa wazi, televisheni inasikika hadi barabarani, na tukialikwa mahali penye watu wengi anakaa pembeni akitabasamu bila kuchangia neno. Nikimwambia jambo mara ya tatu kwa sauti kubwa anasema ninamfokea, na kwa kweli mara nyingine ninakuwa nimefoka. Nilidhani amenichoka. Hakuwahi kuniambia habari ya mlio hadi juzi nilipomsomea mwanzo wa uzi huu, akaniambia niurudie pale penye transfoma. Hospitali hataki kusikia. Anasema watamwambia aache kazi. Nifanye nini?

#8. Kinu Kitupu (mleta uzi)

Nianze na Fundi wa Masanduku. Umesema kweli kuhusu kusikia vizuri zaidi ukiwa umejikinga, na hilo ndilo lililotuponza sisi wa vinu, maana hatukulijaribu. Kuhusu haki, huku kwetu ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na Mfuko wake ulioanza kazi mwaka 2015, na kupungua kwa usikivu kutokana na kelele kumo katika orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi ya Shirika la Kazi Duniani. Mimi nilikuwa kibarua wa kulipwa jioni, bila karatasi hata moja. Walioajiriwa kwa mkataba wasifanye uzembe niliofanya: wapimwe usikivu wanapoanza kazi, ili miaka ikipita wawe na mchoro wa kulinganisha.

Pale kinuni ninapotunza hesabu sasa, vijana wawili wanavaa vizibo vya sponji, na nimelazimika kuwafundisha kuvivaa kwa sababu walikuwa wakivibandika mlangoni kama kizibo cha chupa. Unakisokota hadi kiwe chembamba kama njiti, unapitisha mkono wa pili juu ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma, unakiingiza, kisha unakishikilia kwa kidole hadi kitanuke. Kikibaki nje nusu, umevaa pambo. Wateja wanaonyesha kwa vidole idadi ya madebe, na kiganja kilicholazwa maana yake ni dona. Beringi iliyokuwa ikifa mwezi uliopita waliisikia wakiwa wamevaa vizibo, kabla yangu.

Mama Wawili, mtu akisikia mlio usiku kucha huamka amechoka, na aliyechoka hukasirika haraka, na hasira huukuza mlio. Wewe unapokea mwisho wa mnyororo huo bila kuuona mwanzo wake. Ukitaka kusema naye, mguse bega kwanza, simama mbele yake palipo na mwanga aione midomo yako, punguza televisheni, na useme polepole badala ya kwa nguvu. Kelele haimrudishii zile herufi zilizopotea, inamwongezea irabu tu. Redio ya usiku usimnyime. Msogezee upande wake na ipunguzwe. Kwenye sherehe mchagulieni kiti chenye ukuta nyuma yake na spika mbali.

Kuhusu kuacha kazi, mimi sikuambiwa niache. Niliambiwa nijikinge, na kuacha kusimama kinuni nilikuwa nimekwisha kuamua kwa sababu ya mgongo.

#9. Koklea

Ninaongeza kwa Mama Wawili, kwa kuwa hofu ya mumeo ninakutana nayo kila siku. Tiba yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine katika kupunguza usumbufu wa mlio ni ya mazungumzo, inayomsaidia mtu kubadili namna anavyoufikiria na kuuitikia. Mapitio ya mwaka 2020 yaliyokusanya tafiti 28 yalionyesha inapunguza adha, ijapokuwa mlio haunyamazi. Hakuna mahali inapomtaka fundi auze grenda yake. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina idara za masikio, pua na koo, na kwanza watachungulia kama kuna nta au usaha, kwa sababu mara nyingine tatizo huishia hapo.

Mpelekeni siku ya Jumatatu asubuhi, ikiwa Jumapili hafanyi kazi. Sikio lililotoka kwenye kelele huonyesha usikivu mbaya kuliko ulivyo, kwa hiyo tunataka apumzike na grenda angalau saa 14 kabla ya kipimo. Na mwambie mapema kuhusu lile sanduku la ukimya, mlio utapaa mlango ukifungwa. Aombe sauti za kukatikakatika.

#10. Mama Wawili

Amekubali Jumatatu. Ameuliza kama na mimi nitaingia kwenye sanduku.